Wanavajo na chuo chao wenyewe

Tunaposikia kwamba mtoto wa fulani anasoma chuo kikuu Marekani, picha inayotujia ni ile ile: majengo ya mawe, maktaba kubwa, theluji, na ada ya kuuza shamba la ukoo. Leo nataka nikueleze habari za chuo cha Marekani cha namna nyingine. Kiko katika jimbo la Arizona, mahali paitwapo Tsaile, kwenye nyanda za juu zinazopita mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Ada yake ni ndogo ikilinganishwa na vyuo vingine vya huko. Jengo lake kuu lina ghorofa sita na kuta za vioo, lakini umbo lake ni la pembe nane, kwa kufuata nyumba ya asili ya wenyeji, na lango la kuingilia chuoni linatazama mashariki kama mlango wa kila nyumba yao. Wenye chuo ni Wanavajo, na chuo chenyewe kinaitwa Diné College.

Kwanza tuweke sawa suala la majina, maana hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Shuleni tulifundishwa kuwaita watu hawa Wahindi Wekundu. Jina hilo lilitokana na kosa la Columbus, ambaye mwaka 1492 alidhani amefika Bara Hindi, na kosa lake likabakia vitabuni kwa miaka mia tano. Hata Navajo ni jina lililowafikia kupitia kwa Wahispania. Wenyewe hujiita Diné, maana yake watu. Kwa sisi tunaosema lugha za Kibantu, hilo halihitaji maelezo marefu.

Nchi yao nayo si kijiji. Eneo la Wanavajo limeenea katika majimbo matatu, yaani Arizona, New Mexico na Utah, na lina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 70,000. Ukizijumlisha Rwanda na Burundi bado hazifikii hapo. Watu walioandikishwa kuwa raia wa taifa hilo walifikia karibu 400,000 mwaka 2021. Wana rais wao, baraza lao la kutunga sheria, mahakama na polisi. Hata hivyo si dola huru. Wako chini ya Serikali ya Marekani, na ardhi yao inashikiliwa na Serikali hiyo kwa niaba yao. Naomba ulishike hilo la ardhi, maana tutalirudia tutakapofika kwenye fedha.

Sasa, kwa nini watu hawa waliona lazima wawe na chuo chao, wakati Marekani ina vyuo maelfu? Jibu linaanzia mbali kidogo.

Mwaka 1864 jeshi la Marekani, baada ya kuchoma mashamba yao na kuua mifugo yao, liliwatoa Wanavajo katika nchi yao kwa nguvu. Maelfu walitembezwa kwa miguu karibu kilometa 500 hadi mahali paitwapo Bosque Redondo, huko New Mexico, wakazuiliwa kwa miaka minne katika njaa na maradhi. Waliofia huko ni zaidi ya 2,000. Mwaka 1868 ukatiwa sahihi mkataba uliowaruhusu kurudi kwao, jambo ambalo makabila mengi ya Marekani hayakulipata. Ndani ya mkataba huo kulikuwa na kifungu cha sita kilichohusu elimu. Wanavajo waliahidi kuwapeleka shule watoto wao wenye umri wa miaka 6 hadi 16. Serikali nayo iliahidi kutoa nyumba ya kusomea na mwalimu mmoja kwa kila watoto 30.

Ahadi ya Serikali haikutimizwa kama ilivyoandikwa. Zilizokuja ni shule za bweni. Mfano wao ulikuwa shule ya Carlisle, iliyofunguliwa mwaka 1879 huko Pennsylvania na afisa wa jeshi, Richard Henry Pratt, ambaye alisema wazi kwamba nia yake ni kumuua Mhindi aliyemo ndani ya mtu ili mtu mwenyewe aokoke. Watoto walinyolewa nywele, wakavikwa sare za kijeshi, wakapewa majina ya Kizungu, na aliyeteleza akasema lugha ya nyumbani aliadhibiwa. Wasikilizaji waliopita shule zetu za enzi ya mkoloni wanakijua kile kibao kilichovishwa shingoni mwa mwanafunzi aliyekutwa akisema lugha ya mama. Nadhani hawatashangaa sana. Lakini sisi jioni tulirudi nyumbani. Wale walikuwa mbali na wazazi wao kwa miaka, na wengine hawakurudi. Uchunguzi wa Serikali ya Marekani uliotolewa mwaka 2024 ulithibitisha vifo vya watoto wasiopungua 973 katika shule hizo, na mwezi Oktoba mwaka huo huo Rais Joe Biden akaomba radhi rasmi.

Tunapenda kusema kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Hawa hawakukataa kwao. Walikatazwa.

Na kuna jambo la ajabu lililotokea katikati. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la majini la Marekani lilihitaji njia ya kupeleka ujumbe kwa simu za upepo ambayo Wajapani hawataifumbua. Wakachukuliwa vijana 29 wa Kinavajo, baadaye wakafikia karibu 400, wakatunga lugha ya siri kwa kutumia Kinavajo. Haikuvunjwa mpaka vita vikaisha. Kwa hiyo lugha ambayo mtoto aliadhibiwa kwa kuisema darasani ndiyo iliyookoa maisha ya askari wa Marekani katika visiwa vya Pasifiki. Waliorudi vitani walikumbuka yote mawili.

Basi, mwaka 1968, miaka 100 kamili baada ya mkataba, Wanavajo wakaanzisha chuo chao, wakakiita Navajo Community College. Kilikuwa chuo cha kwanza Marekani kuanzishwa na kuongozwa na kabila lenyewe. Masomo yalianza Januari 1969 katika majengo ya kuazima ya shule ya sekondari huko Many Farms, na mwaka 1973 kikahamia Tsaile. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mzungu, Robert Roessel, lakini mwaka huo huo wa 1969 alimpisha Mnavajo, Ned Hatathli, na lile jengo la vioo nililolitaja lina jina la Hatathli hadi leo. Jina la Diné College lilikuja mwaka 1997.

Mwanafunzi akifika pale anasoma nini? Wengi hudhani ni ngoma, ushanga na hadithi za kale. La hasha. Anasoma hesabu, biolojia, biashara, ualimu, Kiingereza na kompyuta. Kemia haina kabila. Lakini pamoja na hayo anasoma lugha na historia ya Wanavajo, tena si kama somo la kujifurahisha la saa za jioni. Na chuo kizima kimejengwa juu ya falsafa yao ya zamani, ambayo hufuata pande nne za dunia kama jua linavyokwenda. Mashariki ni Nitsáhákees, kufikiri. Kusini ni Nahat'á, kupanga. Magharibi ni Iiná, kuishi, yaani kulitenda lile ulilolipanga. Kaskazini ni Siihasin, ambako mtu huangalia alikotoka na kupata uhakika, kisha anaanza upya mashariki. Mwalimu wa biashara au wa biolojia anatarajiwa kulipanga somo lake kwa hatua hizo.

Sitaki kukudanganya kwamba kila mwalimu hulifanya hilo kwa moyo. Katika chuo chochote kuna maneno ya ukutani na kuna kazi ya darasani. Hata hivyo fikiria tofauti iliyopo. Mwanafunzi anayejifunza kupima maji ya kisima anaulizwa kwanza maji hayo yana maana gani kwa watu wake, na mwisho anaulizwa atayafanyia nini majibu aliyoyapata. Katika vyuo vingi maswali hayo mawili huachiwa dini na siasa.

Jambo la pili ni ukoo. Mnavajo akijitambulisha kwa adabu hasemi jina tu. Hutaja ukoo wa mama yake, kisha wa baba yake, kisha wa babu mzaa mama, kisha wa babu mzaa baba. Wanafunzi hufundishwa kulisema hilo mbele ya wenzao kwa Kinavajo, na mara nyingine hugundua kwamba yule wa kiti cha nyuma ni dada yao, au kwamba kijana wa miaka 19 ni baba yao mdogo. Mhaya au Mganda ataelewa mara moja. Faida yake si heshima tupu. Mtu aliye na dada darasani ana mahali pa kuomba daftari, na ana wa kumwuliza kwa nini hakuonekana wiki nzima.

Na sababu za kutoonekana ni nyingi. Wanafunzi wake si wengi, kama 1,500 hivi, na si wote vijana waliotoka sekondari jana. Wengi ni wazazi. Wengi ni wa kwanza katika familia zao kukanyaga chuo. Umbali ni mkubwa, barabara nyingi ni za udongo, na mvua au theluji ikinyesha gari halitoki. Takriban theluthi ya nyumba za Wanavajo hazina maji ya bomba. Hayo yote katika nchi tajiri kuliko zote duniani. Ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020 na masomo yakahamia kwenye intaneti, wapo waliokaa ndani ya magari yao karibu na majengo yenye mtandao ili wasome, kwa kuwa nyumbani mtandao haukuwapo.

Kwa hiyo ukitazama hesabu rasmi za wanaomaliza kwa wakati, vyuo vya makabila vya Marekani havionekani vizuri. Wakosoaji hulishika jambo hilo. Ni haki yao kuuliza, na ni kweli kwamba mwanafunzi anayeacha katikati amepoteza muda na fedha. Lakini takwimu hizo ziliwekwa kwa ajili ya kijana asiye na mtoto, anayesoma muda wote na kumaliza bila kusimama. Mama anayesoma mihula miwili, anasimama kumwuguza mzazi, anarudi baada ya miaka mitatu na kumaliza, katika hesabu hizo anahesabika ameshindwa.

Tuje kwenye swali ambalo mimi naliona zito kuliko yote: ni nani mwenye haki ya kusema kwamba hii ni elimu?

Mganga wa Kinavajo huitwa hataałii, yaani mwimbaji. Zipo ibada zao zinazochukua usiku tisa, na mwimbaji hana budi kuishika yote kichwani, nyimbo, sala na michoro ya mchanga, bila kukosea. Kuisoma ibada moja huchukua miaka, kama shahada, pengine na zaidi. Je, mzee huyo ni profesa? Tangu siku za mwanzo chuo kiliamua kwamba anaweza kufundisha. Lakini chuo pia kilihitaji ithibati, yaani kutambuliwa rasmi na vyombo vinavyokagua vyuo vya Marekani, na kikaipata mwaka 1976. Bila muhuri huo mwanafunzi akihamia chuo kikuu cha jimbo masomo yake hayahesabiwi. Wakaguzi wanapokuja huuliza walimu wana shahada gani. Hivyo chuo kinajitawala, lakini kuna kamba mguuni, na ncha ya pili ya kamba hiyo wameishika watu wa nje.

Usidhani kwamba wasiwasi unatoka nje peke yake. Wapo wazee wasiopenda kuona mambo ya ibada yakiletwa darasani, ambako yeyote aliyelipa ada anaweza kuyaandika daftarini na kuondoka nayo. Elimu yao ina wakati wake na watu wake. Kwa desturi yao kuna hadithi zinazosimuliwa majira ya baridi tu, wakati nyoka na dubu wamelala. Hata ratiba ya muhula iseme nini, huwezi kumwomba mzee azisimulie mwezi Julai. Mimi naona chuo kinachogombana na wazee wake juu ya jambo kama hilo kiko hai kuliko kile ambacho hakina wa kugombana naye.

Lugha nayo ina habari yake. Sensa za Marekani zimewahi kuhesabu wasemaji wa Kinavajo wapatao 170,000, wengi kuliko wa lugha nyingine yoyote ya wenyeji asilia wa nchi hiyo. Lakini wengi wao ni watu wazima. Kila mwaka wanafika chuoni vijana wa Kinavajo wasioweza kuzungumza na bibi zao. Wanakaa darasani wakijifunza kwa kalamu na karatasi lugha ambayo bibi yao aliadhibiwa shuleni kwa kuisema. Ndipo unapoona kwa nini bibi mwenyewe hakuwafundisha mama zao.

Matunda ya chuo hayaishii darasani. Kati ya mwaka 1944 na 1986 makampuni yalichimba madini ya urani katika nchi ya Wanavajo, yakaondoka na kuacha mashimo zaidi ya 500, mengine karibu na visima na mazizi ya kondoo. Watu walikunywa maji hayo bila kujua. Katika tawi la Shiprock, walimu na wanafunzi wa chuo wamefanya utafiti na kuwaelimisha watu juu ya madhara hayo, tena kwa Kinavajo, lugha ambayo haikuwa na neno la mionzi. Mwaka 2014 taasisi ya sera ya chuo hicho ilitoa ripoti kuhusu chakula. Ilieleza jinsi taifa lenye eneo kubwa kiasi hicho lilivyobaki na maduka machache mno ya vyakula bora, na jinsi watu walivyoachana na mahindi na mifugo yao wakaangukia vyakula vya makopo na kisukari. Mwaka huo huo baraza lao likapitisha kodi ya asilimia 2 juu ya vyakula na vinywaji visivyo na lishe. Wauza soda hawakufurahi.

Sasa fedha. Nilikuomba ushike suala la ardhi. Vyuo vidogo vya Marekani hutegemea sana kodi ya nyumba na viwanja vya wilaya yao. Ardhi ya Wanavajo inashikiliwa na Serikali na hailipiwi kodi hiyo, kwa hiyo mlango huo umefungwa. Kinachobaki ni fedha za Serikali Kuu. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kukisaidia chuo cha Wanavajo mwaka 1971, na nyingine mwaka 1978 kwa ajili ya vyuo vya makabila mengine, ambavyo sasa vinapita 30. Sheria hiyo ya pili hulipa kwa kuhesabu wanafunzi walio wanachama wa makabila yanayotambuliwa. Chuo kikimpokea jirani Mzungu au Mmeksiko, na vingi huwapokea, Serikali haimlipii.

Kuna kejeli nyingine hapa. Mwaka 1862 Serikali ya Marekani iliyagawia majimbo ardhi ili wajenge vyuo vikuu. Ardhi hiyo ilitoka wapi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulifuatilia karibu ekari milioni 11 na kukuta zilichukuliwa kwa makabila ya wenyeji yapatayo 250, mara nyingi kwa malipo kidogo au bila malipo. Vyuo vya makabila viliingizwa katika mpango huo mwaka 1994, miaka 132 baadaye. Havikupewa ardhi. Vilipewa mfuko wa fedha wa kugawana.

Mara chache hutokea bahati. Mwaka 2020 tajiri MacKenzie Scott alikipa Diné College dola milioni 20 bila masharti. Lakini chuo hakiendeshwi kwa bahati, na mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilipendekeza katika bajeti kwamba fedha za Wizara ya Mambo ya Ndani kwa vyuo vya wenyeji asilia zishushwe kutoka dola zipatazo milioni 183 hadi milioni 22 hivi. Nasema ilipendekeza, maana mwenye kauli ya mwisho juu ya bajeti ni Bunge. Wakuu wa vyuo hivyo hawakwenda Washington kuomba msaada. Walisema fedha hizo ni deni linalotokana na mikataba na ardhi iliyochukuliwa, na deni haliitwi hisani.

Mkataba wa 1868 ulisema kwamba kifungu kile cha elimu kidumu kwa muda usiopungua miaka 10. Wanasheria wanaweza kubishana mpaka jioni kama neno hilo lilimaanisha kumi tu au kumi na kuendelea. Diné College kwa karibu miaka 30 ilitoa stashahada za miaka miwili pekee, na mwanafunzi aliyetaka shahada ilimbidi ahamie kwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaanza kutoa shahada kamili ya kwanza. Kati ya fani zote ilizoweza kuanza nazo, ilichagua ualimu wa shule za msingi.